Ssese kwa laki tatu na kitu: wapi ubane pesa na wapi usibane

Nianze na bei maana najua ndo kitu cha kwanza mtu anauliza. Siku nne, kulala mara tatu, visiwa vitatu vya Ssese, ndani ya Ziwa Victoria upande wetu wa Uganda, kila mmoja wetu ametumia shilingi 313,000 za Uganda, na hapo nimehesabu mpaka boda ya kwenda gati la Nakiwogo, Entebbe, na chai tuliyokunywa Masaka wakati wa kurudi. Tulikuwa wanne, mimi, mdogo wangu wa kike, shemeji yangu na jirani yetu wa Kisenyi hapa Kampala ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga chombo cha majini maisha yake yote. Hakuna hata mmoja wetu mwenye pesa ya kuchezea, mi nauza vitenge sokoni Kikuubo, shemeji ni fundi simu, sa tulipopanga hii safari tulikubaliana mapema kwamba kila shilingi inaandikwa kwenye daftari na daftari nalishika mimi.

Mi kwetu Busia, ziwa nalijua tangu utotoni, tulikuwa tunapelekwa Majanji kununua samaki. Lakini ziwa la ukingoni ni kitu kimoja na kuwa katikati ya ziwa ni kitu kingine kabisa. Watu wengi hapa Kampala ukiwaambia bichi wanawaza Mombasa au Zanzibar, wanaanza kuhesabu nauli ya basi na siku mbili za barabarani, kumbe hapa Entebbe tu ukitazama kusini kuna visiwa 84 vimelala majini na vingi havina hata gesti moja. Hiyo 84 sijaitunga, ndo idadi ya visiwa vyote vya Ssese, wilaya yao inaitwa Kalangala, na kikubwa kuliko vyote ni Buggala ambacho kina urefu wa zaidi ya kilomita 40. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema ameenda Ssese muulize kisiwa gani, mara nyingi atakuwa ameona Buggala peke yake tena ule upande wa hoteli.

Kwenda tulipanda meli ya MV Kalangala. Hii inaondoka Nakiwogo saa nane mchana na inafika Lutoboka, gati la kisiwa cha Buggala, saa kumi na moja na nusu hivi, safari kama masaa matatu na nusu. Daraja la pili tulilipa 10,000 kila mtu, la kwanza lilikuwa 14,000 na tofauti kubwa ni kiti chenye sponji, sa kama uko na mzee au mama mjamzito mlipie hiyo elfu nne asiumie mgongo, ila nyie vijana kaeni tu daraja la pili mkichoka mtasimama nje kwenye upepo. Meli hii inabeba abiria mia na kidogo tu pamoja na magari machache, kwa hiyo Ijumaa na siku za sikukuu inajaa haraka, sisi tulienda Alhamisi na bado tulifika Nakiwogo saa nne asubuhi kukata tiketi. Pale karibu na geti kuna akina mama wanapika muwogo na maharage, kula hapo, ukishaingia ndani ya meli chakula bei inapanda.

Ile safari yenyewe naipa nyota zote. Mmevuka ikweta katikati ya maji hakuna hata kibao, hakuna wa kukuuzia picha, shemeji alikuwa na simu ameifungulia ramani anatuhesabia, sasa hivi tuko kaskazini, sasa hivi tumefika sifuri, haya tumeingia kusini, watoto wa mama mmoja aliyekuwa karibu nasi wakapiga makofi. Jirani yetu ambaye nusu saa ya kwanza alikuwa ameshika bomba la chuma hataki kuongea na mtu, hapo ndo akaachia mkono mmoja. Halafu visiwa vinaanza kutokea, kimoja, kingine, vidogo vya mawe na miti tu, vikubwa vyenye msitu mpaka chini majini, furukombe amekaa juu ya mti uliokauka analia ile sauti yake. Mi nilikaa nje masaa yote matatu na nusu sikuingia ndani.

Lutoboka ni ghuba nzuri sana, nasema kwa dhati, mchanga mweupe na msitu nyuma yake, mbega wanaruka juu ya miti jioni. Lakini hapo ufukweni ndo kwenye hoteli za bei, sa kama unabana pesa usilale hapo. Panda juu mjini Kalangala, ni kama kilomita mbili hivi kutoka kwenye gati, kilima lakini cha kutembea, kuna gesti za kawaida. Tulichukua vyumba viwili, 50,000 kwa chumba, wawili wawili, kwa hiyo kila mtu 25,000 kwa usiku. Gesti yenyewe siitaji jina. Kilichonikera ni kwamba kwenye simu tuliambiwa vyumba vina neti, kufika neti ipo kweli lakini ina matundu ya kupita kidole, na kule mbu si mchezo, malaria ya visiwani inaangusha watu. Yule mtu wa mapokezi akatuambia ndo zilizopo. Aliyetuokoa ni mama mmoja anayefua mashuka, alisikia tunabishana, akaja na sindano na uzi akakaa chini akaziba tundu moja moja mpaka saa tatu usiku, na tulipompa elfu tano alikataa mpaka dada yangu akamwekea mfukoni kwa nguvu. Nyinyi mkienda bebeni neti yenu, haina uzito. Maji ya moto yanalipiwa pembeni 2,000 ndoo moja, uliza kabla hujaoga.

Ijumaa tulibaki Buggala. Asubuhi tulishuka bichi mapema kabla watu hawajawa wengi, ukikaa kwenye bichi ya hoteli wengine wanataka ununue angalau soda ndo ukae na mi naona ni haki yao, wanafagia ule mchanga kila siku. Maji ni baridi, hayana chumvi, unatoka mwili haunati. Ila ngoja niseme hili kwa herufi zilizo wazi kwa sababu niliona wazungu wawili vijana wameingia kuoga palepale kwenye matete. Ziwa lina kichocho. Wale wadudu wanatoka kwa konokono, na konokono wanakaa kwenye majani na maji yaliyotulia, kwa hiyo usiingie kwenye matete, usioge karibu na mwalo, yaani pale boti za wavuvi zinapotia nanga, ambako watu wanafulia na kujisaidia, ukiamua kuingia ingia sehemu ya wazi yenye mawimbi na usikae muda mrefu, halafu ukirudi nyumbani baada ya wiki sita au zaidi nenda kituo cha afya upimwe. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, unameza kufuatana na uzito wako. Sisi wote wanne tumeshaandika tarehe kwenye kalenda.

Sehemu nyingine za ufukwe utaona miti imekufa imesimama ndani ya maji. Hiyo ni kazi ya mwaka 2020, ziwa lilipopanda mpaka likapita kile kiwango cha 1964 ambacho wazee walikuwa wanakisimulia, bichi zikamezwa, vibanda vikaenda. Kijana mmoja anayeuza vinywaji alituonyesha mahali baa ya mjomba wake ilipokuwa, sasa ni maji ya kiunoni.

Baada ya swala ya Ijumaa tulichukua boda mbili mpaka jioni, 15,000 kila mtu, tuzunguke kisiwa. Hapa sijui niseme nini nisije nikaonekana nawaharibia watu riziki. Ukitoka mjini kidogo msitu unaisha na yanaanza mashamba ya michikichi, na hayaishi. Mistari, mistari, mistari, kilomita kwa kilomita, maelfu ya hekta. Yalianza kupandwa miaka ya 2000 hivi kwa ajili ya mafuta ya mawese, msitu mkubwa ukakatwa. Yule boda wetu mwenyewe ana ekari mbili za michikichi anasema imemsomeshea watoto na barabara imekuja kwa sababu hiyo, na mi namwamini maana nyumba ya mabati aliyojenga alitupitisha tukaiona. Lakini nilipokuwa napita mle kimya hakuna ndege hakuna tumbili nilihisi vibaya moyoni, nikakumbuka wale mbega wa Lutoboka wamebanwa kwenye kale kamsitu kaliobaki. Kama mmekuja kwa ajili ya msitu na bichi, boda ya mashambani si lazima. Hiyo 15,000 mi ningeiongeza kwenye boti.

Na sasa nifike kwenye boti maana hapa ndo nataka watu wanisikilize.

Boti za kwenda visiwa vingine hazitoki Lutoboka kwenye meli, zinatoka Mwena, mwalo uko chini ya mji upande mwingine. Ijumaa jioni tulishuka kuulizia bei ya Jumamosi, twende Bubembe, tukae kidogo, halafu atushushe Bufumira tulale huko. Kijana wa kwanza alitutajia 180,000 boti nzima na mafuta, sisi wanne hiyo ni 45,000 kila mtu, shemeji tayari ameshaanza kutabasamu. Nikamuuliza laifu jaketi ziko wapi. Akatoa mbili kutoka chini ya mbao, moja imechanika sponji iko nje, nyingine haina kamba. Nikamwambia tuko wanne na wewe na mwenzako mko sita. Akasema nnyabo, yaani mama, ziwa kesho limetulia, mi nimezaliwa hapa. Nikamwambia sawa baba, asante, tukaondoka. Shemeji alinuna njia nzima.

Jamani. Agosti 2023 boti iliyotoka visiwa hivihivi vya Kalangala kwenda Kasenyi ilizama, imejaza makaa na dagaa na watu, wakafa ishirini. Novemba 2018 ile boti ya starehe upande wa Mukono ilizama na watu waliokwenda kufurahi Jumamosi yao, wakafa zaidi ya thelathini, na ufukwe ulikuwa unaonekana. Watu wengi kule visiwani wanaokaa majini kila siku hawajui kuogelea, na sisi wa Kampala ndo kabisa. Sa mtu anabana elfu ishirini kwenye boti halafu jioni anakunywa bia za elfu thelathini, mi hiyo hesabu siielewi.

Tulimpata mzee mmoja, injini yake Yamaha ya 40, bei 280,000 na hataki kushuka hata elfu tano, lakini akatufungulia sanduku, jaketi nane, kavu, kamba zote zipo, filimbi zimefungwa begani. Akatuvalisha palepale nchi kavu usiku ule tujaribu, jirani yetu akapewa kubwa kuliko zote. Tulilipa 70,000 kila mtu. Ndo malipo makubwa kuliko yote ya mara moja kwenye daftari na ndo pesa ambayo siijutii hata kidogo.

Na Jumamosi alituonyesha kwa nini. Alfajiri mvua ya radi ikapiga ziwa, na wenyeji wanasema hivyo hivyo, radi za ziwani zinapenda usiku na alfajiri, wavuvi wengi zinawakuta hukohuko. Saa kumi na mbili na nusu tuko Mwena na mabegi, mzee ametazama mawingu upande wa mashariki akasema hatuondoki. Saa moja, hatuondoki. Saa mbili jua limetoka tunaona maji yametulia, anasema bado, ule weusi kule haujamaliza. Tumekula rolex, ile chapati ya kuviringisha na mayai, tumekula tena kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, tukaondoka saa tatu kasoro. Hakuna aliyemlalamikia, hata shemeji, maana saa moja na nusu tuliona boti moja ya wavuvi inaingia wanachota maji kwa jerikeni lililokatwa, wamelowa wanatetemeka, mmoja ameshindwa kushuka mwenyewe.

Bubembe. Hiki kisiwa kwa Waganda ni kisiwa kizito, ndo makao ya Mukasa, lubaale yaani mungu wa jadi wa ziwa, na enzi za zamani hata Kabaka, mfalme wa Buganda, alikuwa anatuma zawadi zake huko. Mi ni Mwislamu na sikwenda kwa ajili ya kuabudu, nilikwenda kuona kisiwa, lakini unaingia kwenye nyumba ya watu lazima upige hodi. Mzee wa boti alitupeleka kwanza kwa watu wa kijiji tukasalimia, tukaambiwa wapi tupite na wapi tusipite na tusipige picha, tukakubali, hatukuingia mahali patakatifu. Tukakaa ufukweni chini ya miti mikubwa masaa mawili. Hakuna muziki, hakuna mtu anakuuzia kitu. Maji yanapiga mawe, hondohondo wanapita wawili wawili. Dada yangu ambaye huwa haachi simu alilala chali kwenye kanga akanyamaza. Kama mtu ananiuliza kwa nini niende mbali hivyo, masaa hayo mawili ndo jibu.

Yule mzee alitusimulia kwamba babu yake mzaa baba alizaliwa visiwani lakini akakulia bara, kwa sababu ya malale. Nilipokuwa shule tulisoma kidogo kuhusu malale lakini sikuwahi kuunganisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 ule ugonjwa wa mbung'o uliua watu laki mbili na zaidi pande za Busoga na Buganda, na 1909 serikali ya Waingereza ikahamisha watu wote wa Ssese wakapelekwa bara, visiwa vikabaki vitupu miaka kumi na kitu. Waliporudi hawakurudi wote. Ndo maana leo ukifika mwalo wowote unakuta mchanganyiko, Waganda, Wasoga, Wanyarwanda, Wajaluo, Wakongo, kila mtu amefuata samaki.

Na hapo Kiswahili kinafanya kazi kuliko nilivyotegemea. Bufumira tuliposhuka tu, maafande wawili wa ulinzi wa ziwa wakatuita, jeshi lililetwa kwenye mialo 2017 kukamata nyavu haramu na samaki wachanga, wakaanza kwa Luganda, mi nikasalimia shikamoo afande, uso ukabadilika palepale. Mnatoka wapi, mnaenda kwa nani, mtalala wapi, tukajibu, akaandika majina, akatuonyesha mama mwenye vyumba. Beba kitambulisho cha taifa, kila mtu, usiache hotelini. Na kama huna jibu la kueleweka la umekuja kufanya nini usishangae ukiulizwa mara tatu, mwalo si mahali pa kutalii kwa kawaida, ni mahali pa kazi.

Bufumira tulilala 20,000 chumba, yaani 10,000 kila mtu, mbao tupu na bati, choo cha shimo cha watu wote, sola moja ya kuchaji simu na giza likishaingia limeingia. Usiku sami walikuja, wale vidudu vidogo vya ziwani, ukiwaona mchana kwa mbali unadhani ni moshi unapanda juu ya maji, usiku wanafuata mwanga, ukiwasha tochi ndani ya chumba umejiharibia. Haviumi, lakini vinaingia kwenye chai, kwenye nywele, kila mahali. Tulizima taa zote tukakaa nje gizani, na nyota, wallahi sijawahi kuona nyota hivyo, na upande wa maji taa za wavuvi wa mukene, yaani dagaa, zimejipanga kama mji. Mama mwenye nyumba alikaa nasi mpaka usiku wa manane anaongea Kiswahili cha Kongo, tunaelewana neno kwa neno isipokuwa pesa, yeye anahesabu kwa Kifaransa.

Chakula sasa. Niliandika 25,000 kwa siku kwa kila mtu na tukaila yote. Unaweza kula kwa nusu ya hiyo ukikaa kwenye kikomando, yaani chapati na maharage, na posho, yaani ugali, na mukene, lakini umekuja ziwani halafu usile samaki? Watu wanategemea samaki visiwani ni wa bure, si wa bure. Mputa, yaani sangara, akiwa mkubwa anachukuliwa na magari ya barafu kwenda viwandani halafu Ulaya, na wadogo hawaruhusiwi, sheria inasema mputa asiwe chini ya inchi 20 na ngege, yaani sato, asiwe chini ya 11, na wale maafande walikuwa wanapima kweli. Kwa hiyo ngege mzima wa kukaanga Kalangala tulilipa 20,000, karibu sawa na Kampala. Tofauti ni kwamba ule wa Kampala umeshalala. Wa Bufumira tulimwona anatoka majini, mama akampika na nyanya na kitunguu na chumvi tu, matoke pembeni, tukala kwa mikono sahani moja wanne, 25,000 yote, na huo ndo mlo ninaousimulia kwa kila mteja anayeingia dukani.

Jumapili kurudi Mwena tulipanda boti ya abiria, 10,000 kila mtu. Jaketi zilikuwepo, hilo nalisema wazi, zilitosha watu wazima wote. Lakini nusu ya abiria wakazikalia kama mto. Na za watoto hakuna hata moja. Kulikuwa na mama amebeba mtoto wa kama miaka miwili, mtoto hana kitu, nikamwambia mama angalau wewe vaa yako ufunge kamba umshike mtoto mbele, akanitazama kisha akavaa, na wanawake wengine wawili wakavaa. Nahodha hakusema neno. Mi naomba wenye hizo boti, nauli ongezeni hata elfu moja, nunueni jaketi sita za watoto, hakuna abiria atakayekataa.

Kutoka Kalangala kurudi Kampala hatukusubiri meli ya Lutoboka, ile inaondoka saa mbili asubuhi na sisi tulikuwa bado majini. Na hapa kuna siri ya wabanaji pesa ambayo nashangaa watu wengi hawaijui. Chukua taksi, yaani matatu, mpaka Luku, upande wa pili wa kisiwa, tulilipa 10,000, halafu panda feri ya Luku kwenda Bukakata. Hiyo feri ni bure. Bure kabisa, mtu bure, boda bure, gari bure, inavuka kwa nusu saa na dakika kidogo, na ziko mbili zinapishana mchana kutwa. Bukakata unachukua taksi ya Masaka 10,000, barabara ni lami sasa, na Masaka mpaka Kampala tulilipa 20,000 kwa sababu ilikuwa Jumapili jioni na watu wamejaa stendi. Tukapita ikweta tena pale Kayabwe, safari hii kwa gari, jirani yetu akasema ya majini ilikuwa nzuri zaidi.

Mkitaka kupunguza zaidi nendeni na rudini njia ya Masaka, mtaokoa ile nauli ya meli, lakini mi sikushauri, ile meli ya mchana ni nusu ya raha ya safari. Punguza kwenye gesti, punguza kwenye boda ya michikichi, beba sabuni na maji yako na neti. Pesa za mkononi toa Entebbe au Kalangala mjini, visiwa vidogo wakala wa mobaili mani anaweza kuwepo lakini hana noti.

Bukasa hatukufika, kile kisiwa cha pili kwa ukubwa, chenye maporomoko ya maji ndani ya msitu. Yule mzee alisema upepo wa mchana utatukuta njiani na mafuta yangefika karibu mara mbili, akatuambia mje tena mkae siku sita. Nimemwachia namba yangu. Tunaenda Desemba, dada yangu na jirani yetu wameshaanza kuweka akiba, tuko watatu na tunatafuta wa nne wa kugawana boti.